Adabu ya Mama Doreen

Halifax, 17 Novemba 1996

Kaka yangu Mersha,

Salamu nyingi kutoka kwenye mvua ya Uingereza. Mimi ni mzima, na Colin alikuwa mzima alipoondoka. Amerudi kwenye meli yao ya kutandaza nyaya chini ya bahari, na huko huwa wanakaa miezi mitatu mitatu. Nimebaki na mama yake, wawili tu, katika nyumba ya mawe yenye ngazi nyembamba. Mama mwambie natunzwa vizuri. Wewe nakuambia ukweli.

Mama mkwe hanipendi. Anaitwa Doreen, ni mjane, na ana ulimi ambao sijapata kuusikia kwa mwanamke wa umri wake. Siku tuliyofika alifungua mlango, akatutazama, akasema, "Ndio mnafika? Nilidhani mmekuja kwa miguu." Colin akacheka. Mimi nilikuwa nimeshainama kumbusu magoti kama tunavyowabusu wazee wetu, nikabaki pale chini, sijui niinuke au niendelee. Akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Juzi nilipika mchuzi wa kuku, ule wa sikukuu, vitunguu vikiwa jikoni tangu asubuhi. Alimaliza sahani, akapangusa mdomo, akasema amewahi kula vibaya kuliko hivi. Wiki iliyopita niliteleza kwenye barafu mlangoni nikaanguka chali. Alichungulia dirishani akasema nikimaliza kuogelea nimletee maziwa. Na asubuhi moja mvua inamwagika, akasimama dirishani akasema, "Siku nzuri hiyo." Nikadhani kwao mvua ni neema, nikabeba nguo zilizofuliwa nikaenda kuzianika. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Nilirudi nimelowa, nikaingia bafuni, nikafungua bomba ili asinisikie nikilia. Siku hizi nalifungua karibu kila jioni.

Nikimuuliza Colin kwa simu anasema ndivyo alivyo, nisijali. Nisijali vipi? Kwetu hata anayekuchukia hukutukana kwa maneno matamu, nawe unagundua ukiwa umeshafika nyumbani. Huyu ananichapa nayo usoni mchana kweupe, na kumjibu siwezi, kwa sababu ni mama wa mume wangu.

Dada yako,
Asnakech

*

Gondar, 9 Januari 1997

Asnakech wetu,

Barua yako ilifika pamoja na Krismasi yetu. Tulisali, tukala, na mahali pako palikuwa wazi. Mama hajambo, ila kifua kinamsumbua kwa baridi.

Kifurushi cha huyo mkwe wako nacho kilifika. Ndani mlikuwa na sweta ya sufu, ya kijani, nzito. Mama alifurahi, akaijaribishia begani, mpaka nilipomsomea kikaratasi kilichoambatana nayo: "Isipomtosha, itafaa kupigia deki." Nilikisoma mara ya pili nikidhani Kiingereza changu kimenidanganya. Mama aliikunja, na jioni akampa mlinzi wa kanisa. Alisema hajawahi kutumiwa zawadi na tusi katika mfuko mmoja.

Kwa hiyo nimekasirika kwa niaba ya wote wawili. Unasema huwezi kumjibu. Sawa, usimjibu. Mshukuru. Unajua kazi yangu: vijana wanakuja kwangu kujifunza mashairi ya nta na dhahabu, nta ikiwa ni ile maana ya juu anayoisikia kila mtu, dhahabu ikiwa ni ile inayobaki ukishaiyeyusha nta. Nimekutungia mistari miwili. Iandike kwa mwandiko mzuri, kwa lugha yetu na tafsiri yake kwa Kiingereza, umpe siku yenye maana. Mwambie ni shukrani ya ukoo mzima.

Nilifika natetemeka, mama, ukanikaribisha motoni;
Kila siku wanipakulia, nami nashiba chungu.

Yeye atasoma habari za mgeni aliyeoteshwa moto akalishwa chungu kizima. Wewe utajua ni moto gani na ni chungu gani. Kwenye Kiingereza inavuka nta tupu. Atafurahi, nawe utapumua.

Kaka yako,
Mersha

*

Halifax, 12 Machi 1997

Kaka Mersha,

Colin alikuja mapumziko na ameshaondoka tena. Sikumwambia kuhusu shairi. Nilisubiri Jumapili iliyopita, ambayo huku ni siku ya akina mama, nikampa Mama Doreen pamoja na maua.

Alilisoma akiwa amesimama. Alikaa nalo muda mrefu kuliko urefu wa mistari miwili. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Kuna mtu alikuwa na muda wa kupoteza," akapanda juu. Hata asante sikuipata. Lakini kesho yake alikwenda mjini akarudi na fremu, akalitundika juu ya meko ya sebuleni, mahali palipokuwa na picha ya harusi yake. Jirani yetu, Bwana Ogden, aliitwa kuja kulisoma, akaamrishwa avue buti kwanza. Kila anayeingia anaambiwa, "Huyu ndiye anayesema namlisha, na mimi kuchemsha yai ni shida."

Mwezi wa tano anatimiza miaka sabini. Atafanyiwa sherehe kwenye ukumbi wa kanisa lao, na ameomba shairi lisomwe mbele ya watu.

Nikiwa napiga pasi nalitazama pale ukutani, na mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu. Siku hizi kicheko kinaisha mapema. Sijui kwa nini. Yeye hajabadilika, jana ameniambia nywele zangu zinafaa kusugulia sufuria.

Dada yako,
Asnakech

*

Gondar, 20 Aprili 1997

Asnakech,

Juu ya meko, kwenye fremu! Niliposoma hapo nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Usikasirike, sikuweza kulificha. Nililisoma kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu Ayalneh, nikieleza kwanza habari za yule mama na sweta yake. Nilipofika neno la mwisho ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nilimiminiwa pombe ya asali hadi nikashindwa kuhesabu bilauri. Sasa vijana wananisimamisha njiani waniombe shairi la mkwe wa Kiingereza. Mama tu ndiye hakucheka. Alisema mwanamke aliyelitundika ukutani amelipenda. Nikamwambia huo ndio utamu wenyewe.

Acha lisomwe kwenye sherehe. Wewe simama karibu, utabasamu.

Mersha

*

Halifax, 25 Mei 1997

Kaka yangu,

Nina habari ya ajabu, na nadhani ni njema.

Sherehe ilifana. Mama Doreen alikuwa ameniandalia jambo bila kuniambia. Alikuwa amezunguka kwa wiki nyingi, kauliza kanisani, kauliza hospitalini, kapanda treni mpaka Leeds, akitafuta mtu wa nchi yetu ili siku hiyo nisiwe mgeni peke yangu. Akampata daktari mmoja, Fikremariam, mtu wa Debre Tabor, mzee mpole mwenye mvi. Nilipomsikia akinisalimu kwa lugha yetu mlangoni, machozi yalinitoka.

Kisha Mama Doreen akamkabidhi ile fremu, amsomee watu shairi kwa lugha yenyewe. Kaka, sikuwa na la kufanya. Alianza kwa sauti nzuri ya kanisani. Alipofika mwisho wa mstari wa kwanza alipunguza mwendo. Neno la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Watu wakapiga makofi. Mama Doreen alikuwa amesimama na kipande cha keki mkononi, uso umemwiva kwa furaha. Daktari aliaga mapema. Mlangoni aliniambia, "Binti, umetunga vizuri sana," na hakunipa mkono.

Nilikaa na wasiwasi siku mbili. Lakini sikiliza kilichofuata: Mama Doreen amebadilika kabisa. Ananiita mpenzi. Nikimpa chai anasema asante sana. Akitaka kupita anasema samahani. Anasifia chakula, tena bila mkia wa maneno. Hakuna utani wala kijembe hata kimoja. Fremu ameishusha, anasema kioo kinahitaji kusafishwa. Nimekaa nikafikiri, nimeona kwamba shairi limemlainisha. Nta imemuingia moyoni na dhahabu imebaki kwetu. Nalala vizuri, na hata nimenenepa.

Dada yako mwenye furaha,
Asnakech

*

Halifax, 22 Juni 1997

Mersha,

Barua hii usimsomee mama.

Colin alirudi Ijumaa. Tulikaa mezani watatu, na Mama Doreen akasema, "Asnakech, mpenzi, naomba chumvi, kama si usumbufu." Nikampa. Akasema, "Asante sana, una wema." Colin akaweka uma chini. Hakula tena. Kesho yake mama yake alipotoka kwenda dukani alinifuata jikoni.

"Umemfanya nini mama?"

Nikamwambia sijamfanya kitu, kwamba sasa tunaelewana kuliko wakati wowote.

"Hamuelewani," akasema. "Vile ndivyo anavyoongea na watu wa halmashauri. Ndivyo alivyoongea na shangazi yangu walipokosana, mpaka shangazi akaingia kaburini. Mama anakutia adabu, Asnakech. Humu ndani asiyetaniwa hajakaribishwa."

Nikamuuliza kuhusu mvua, na kuku, na kuogelea kwenye barafu. Akasema mvua ni mvua tu, kila mtu huku akiona mvua husema siku nzuri, hawamlengi mtu. Kuku, alisema, ulikuwa mchuzi bora aliowahi kula mama yake, alimpigia simu melini kumwambia hivyo. Nikakumbuka kwamba tangu siku niliyoanguka, kila asubuhi ya baridi kizingiti cha mlango kilikuwa kimemwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu kabla sijaamka. Sikuwahi kujiuliza nani anaimwaga.

Kisha akauliza fremu iko wapi. Nikamweleza yote. Aliniomba nirudie mstari wa pili taratibu, neno kwa neno, na maana zake zote mbili. Hakupaza sauti. Alikaa chini akafunika uso, akasema kosa ni lake, alikuwa anacheka badala ya kunifasiria, alidhani nacheka pia.

Mama Doreen anajua, Mersha. Alimuona daktari usoni. Na mimi nikanenepa kwa adhabu yake.

Sithubutu kumtazama. Nikisikia miguu yake kwenye ngazi natafuta mlango mwingine. Colin anasema tupange chumba Leeds. Mimi nimemwambia ninataka kurudi nyumbani. Lakini nitarudi na uso gani, wakati mji mzima mnamcheka mwanamke aliyemfumia mama sweta?

Asnakech

*

Gondar, 14 Julai 1997

Kwa Mama Doreen,

Mimi ni Mersha, kaka wa mke wa mwanao. Naandika Kiingereza changu cha kamusi, uniwie radhi. Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana, kwa sababu kila nilipoisoma tena niliona sentensi yenye maana mbili. Ni mazoea ya kazi yangu. Leo najaribu kuandika sentensi zenye maana moja.

Lile shairi nilitunga mimi. Dada yangu alilinakili tu. Neno lililokuumiza nililichagua mimi, na nilijivunia kulipata. Nililisoma harusini, watu wakakucheka, nami nikapewa kinywaji kwa ajili hiyo. Sasa wakinisimamisha njiani napita upande mwingine.

Sweta uliyomtumia mama haikuvaliwa na mama. Nilimsomea ule ujumbe wako kama ulivyo, naye akaumia, akampa mlinzi wa kanisa. Nilipopata barua ya dada yangu, mama aliona uso wangu, akanilazimisha nimsomee. Aliuliza swali moja tu, sweta ya namna ile hufumwa kwa muda gani. Sikujua.

Huku kwetu mtu akitaka kumuumiza mwenzake humpaka asali kwanza. Ndiyo maana dada yangu alikuwa anaogopa maneno yako makali na kutulia kwa maneno yako mazuri. Sikuandiki haya ili nijitetee. Wewe ulisema ukali bila nia mbaya. Mimi nilisema utamu kwa nia mbaya. Aliyekosa ni mimi.

Kwa heshima,
Mersha Wondafrash

*

Halifax, 6 Agosti 1997

Ndugu Mersha,

Mimi si mtu wa barua, na Colin amekaa hapa kuhakikisha sitanii, kwa hiyo itakuwa fupi na ya kuchosha.

Nilimpigia simu daktari kesho yake baada ya sherehe. Alikataa kuniambia, akasema nimuulize mkwe wangu. Nilimng'ang'ania mpaka akasema. Alikuwa anaona haya kuliko mimi.

Niliona haya, ndiyo. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu ninaowajua maisha yangu yote, keki mkononi, nikitabasamu huku nikitukanwa. Nikamnyima Asnakech utani. Kwetu hiyo ndiyo adhabu kubwa. Nikangoja aje tugombane, tumalize. Yeye akawa anaimba jikoni. Nikadhani hana moyo.

Hiyo ni aibu ya kwanza, na nimeshaizoea. Ya pili siizoei. Colin ameniambia kwamba Asnakech alikuwa analia bafuni karibu kila jioni, bomba likiwa wazi. Nililisikia hilo bomba. Nilikuwa nampigia kelele kutoka chini, namuuliza kama anajaza bwawa. Nilidhani tunacheka wote.

Mume wangu siku yake ya mwisho hospitalini nilimwambia anajifanya mgonjwa ili asikate majani ya bustani. Alicheka. Sikumwambia kitu kingine, na alikufa akijua nilichomaanisha. Angalau hivyo ndivyo nilivyoamini. Tangu niisome barua yako nimekuwa nikijiuliza.

Mlinzi abaki na sweta. Mlinzi akipata baridi kanisa litaibiwa. (Colin anasema niufute huo, lakini sijui kama ni utani.) Nipatie upana wa mabega ya mama yako, mara hii nisikisie. Ilichukua miezi miwili, kama anataka kujua.

Doreen Holroyd

*

Halifax, 24 Agosti 1997

Kaka yangu,

Barua yako ya Julai aliisoma mezani, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa aproni, na kwa siku nzima hatukusemeshana. Jioni Colin alikuwa amelala kwenye kochi. Mimi naosha vyombo. Mama Doreen akaja akasimama nyuma yangu, nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji ya baridi.

Akasema, "Nafurahi kwamba upo hapa. Nilitakiwa kukuambia siku ile ulipofika."

Alilisema akiwa anaitazama birika. Masikio yalikuwa mekundu. Sijawahi kumuona mtu akiteseka vile kwa neno jema. Na mimi, ambaye nimelelewa kujibu sifa kwa sifa, sikupata hata moja. Nilimwambia, "Mama, uliniumiza." Kisha nikamwambia lile lililokuwa limenikaba tangu Juni: "Wewe hukukusudia. Mimi nilikusudia."

Alitikisa kichwa kukubali. Hakunirahisishia. Akatoka nje kwenye manyunyu bila koti, akasimama uani bila kazi yoyote. Nilimtazama kupitia dirisha nikaona hatutaweza. Maneno yake naogopa, na yangu anaogopa yeye. Tukibaki na maneno tutaumizana tena.

Basi nilifanya kama tunavyofanya kwetu. Nilitoka, nikatafuta jiwe, nikalipata kwenye ukuta wa chini kule mwisho wa ua, jiwe zito, linateleza kwa mvua. Nikaliweka shingoni, nikalishika kwa mikono miwili, nikaenda nikainama mbele yake. Hakujua ni nini. Aliniuliza kama naumwa. Nikamweleza nikiwa nimeinama hivyo hivyo, natazama viatu vyake, kwamba kwetu aliyekosa hubeba jiwe, na hawezi kulitua mwenyewe. Lazima alitue yule aliyekosewa. Na akitaka anaweza kuliacha.

Maji yalikuwa yananiingia shingoni. Nilifikiri ameamua kuliacha, na nikaona ni haki yake. Kisha nikahisi mikono yake, na jiwe likainuka. Alilishika kifuani, maana ni mzee na lilikuwa linamlemea, akanitazama, na nikaona utani umemjia mdomoni. Niliuona kabisa, kaka, umefika kwenye meno. Akaumeza. Macho yakamjaa.

Nikamwambia, "Sema tu, mama."

Akasema, "Hili ni jiwe la ukuta wa Bwana Ogden."

Nikageuka. Bwana Ogden alikuwa dirishani kwake, kikombe mkononi, anatutazama. Alikuwa ameona yote tangu mwanzo: mgeni anaiba jiwe, anajitwisha shingoni, anamsujudia mama mkwe kwenye mvua. Nilitamani ardhi inifunike. Mama Doreen naye alitamani hivyo hivyo, nilimuona, kwa sababu amekaa jirani na yule mzee maisha yake yote na hajawahi kulia mbele yake.

Tulilirudisha wote wawili, kila mmoja ameshika upande wake.

Dada yako,
Asnakech